Utakayeshuka Kisimani Kamsamba ni Wewe

Tunduma, Jumamosi jioni

Mwanangu Obedi,

Bwana asifiwe, na pole kwa safari. Hujambo? Joto la huko umelionaje? Miguu haijavimba kwa kukaa juu ya lori, na kifua hakikubani kwa lile vumbi la kuteremka? Nakuuliza habari za afya wakati bado uko hapa hapa Tunduma, kanisani, wenzako wa kwaya wanakuaga, na sauti yako ya besi inanifikia uani. Lakini barua hii naificha ndani ya shati lako la bluu, najua hutalivaa mpaka Jumapili ya kwanza, kwa hiyo nakusalimu kama mtu aliyekwisha fika. Sisi tu wazima. Mdogo wako Sara amelia tangu mchana, akiulizwa anasema ni mafua.

Habari za chandarua na kuchemsha maji sitazirudia, nimezisema mpaka ukanicheka. Nina jambo moja ambalo mjomba wako Ezekia hajakuambia, na ninataka ulijue kabla hujachanganya hata ndoo ya kwanza ya zege.

Huko kwenye boma la Mzee Maganga na wafugaji wenzake, fundi hafyatui pete za kisima akapokea chake akaondoka. Aliyechanganya zege ndiye anayeshuka. Pete ya kwanza ikikaa chini anaingia ndani yake na sululu fupi, anachimba chini ya miguu yake, pete inadidimia pamoja naye, wanaweka nyingine juu, na nyingine, mpaka maji yamfike kiunoni. Hakuna kutuma kibarua. Na kamba aliyofungwa haishikwi na ndugu yake, inashikwa na mwenye kisima. Mjomba wako anaijua sheria hiyo vizuri. Goti lake halikunji na tumbo lake halipiti kwenye pete. Basi utakayeshuka ni wewe, baba, na atakayeshika kamba ni mtu ambaye mwanawe aliuawa na pete za nyumba hii.

Umekua ukisikia vipande vipande. Acha nikupe yote, maana huko watakusimulia, na watakusimulia kwa ukali, na hawatakuwa wamekosea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo mfuko wa saruji ulipatikana kwa kibali na kwa kujuana. Mara maduka ya Tunduma yakajaa saruji, ya kwetu na ya ng'ambo ya mpaka, na kila mwenye koleo akajiita fundi. Baba yako Jotamu hakuwa wa jana. Alijifunzia kazi Mbozi Mission, na visima alivyojenga Hasamba watu wanateka mpaka leo. Lakini udongo wa Mbozi ni mwekundu, mpole, haumli mtu. Tukadhani udongo wote ni udongo. Wewe tulikuacha kwa bibi yako, tukashuka Kamsamba kufyatua pete huko huko, kwa kuwa hakuna lori la kubeba zege gumu kwenye njia ile.

Kiangazi ardhi ya huko inaota weupe, kama mtu aliyemwaga unga akaondoka. Ng'ombe walikuwa wanailamba, na sisi tumesimama tunawacheka. Mto Momba ulikuwa mbali kwa mwenye ndoo kichwani, ila karibu na boma kulikuwa na shimo la maji, machungu kidogo. Wanawake wa pale wakipika maharage hawaweki magadi, maji yenyewe yanayalainisha. Mimi nilipika nayo nikayasifu. Mtu mwenye akili angejiuliza, maji yanayoyafanya maharage hivi, saruji yataifanyaje? Sikujiuliza. Nikayabeba, tukachanganyia zege.

Lilishika kabla hatujamaliza kushindilia. Baba yako akasimama na mwiko mkononi.

"Mama Obedi, hili zege lina haraka gani?"

"Bwana ametuona," nikamwambia. "Tutamaliza kabla ya mvua."

Nikaanza kuimba. Nilichanganya zege lile nikiimba, mwanangu, kwa sababu niliona muujiza. Hata baada ya siku chache pete zilipotoa unga mweupe juu, sikushtuka. Nikaufuta kwa kitambaa, nikazipiga nili, uji wa saruji tupu, zikang'aa. Mzee Maganga akazizunguka akicheka, "Mayu, umezipaka mafuta kama bibi harusi." Wao mama humwita mayu. Mwanawe Njile ndiye aliyekuwa akitusogezea kokoto. Kijana mrefu, ana pengo mbele, anamwigiza baba yako anavyosema Kiswahili cha Kinyiha mpaka baba yako mwenyewe anaangua kicheko. Mimi aliniita mayu wa zege.

Misimu michache ikapita. Dereva mmoja akatuletea salamu kwamba pete zinamomonyoka, ukizisugua kwa kidole zinatoka kama kiporo cha ugali. Baba yako akataka kwenda kuona. Nikamwambia ni ngozi ya juu tu, ndani ni mwamba, na njia imekatika kwa mvua. Akanisikiliza. Kiangazi kilichofuata maji yalishuka, ng'ombe wakawa wanalia kutwa, na Njile akaingia kisimani kuongeza kina. Pete moja ya chini ikapasuka, na mchanga wote uliokuwa nyuma yake ukaingia ndani.

Walikuja kutuchukua. Tulipofika wazee wamekaa, na hakuna aliyetupa mkono. Baba yako akasema atauza shamba, atalipa. Baba mdogo wa Njile akamkatiza, "Ng'ombe hatutaki. Polisi hatutaki. Nyumba umeijenga wewe, ingia ndani." Mzee Maganga akachukua kamba akamfunga kiunoni kwa mikono yake.

Baba yako alishuka asubuhi. Juu yake kulikuwa na pete zake mwenyewe, zinamdondokea shingoni kila alipopiga sululu. Mimi niliketishwa na wanawake. Mama yake Njile alikuwa hajalia bado. Akanigeukia, taratibu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

"Imba, mayu. Siku ile ulikuwa unaimba."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Imba," akasema.

Niliimba. Nikinyamaza ananiangalia, naanza tena. Niliimba nyimbo za Mungu zote ninazozijua juu ya shimo ambalo mume wangu anamfukua mtoto wa mwenzangu, na sauti ikakatika, nikaendelea kwa midomo. Hakuna aliyenipiga siku ile, wala kunitukana. Ningetamani wangenipiga.

Jua linazama ndipo walipompandisha Njile, kisha baba yako. Viganja vya Mzee Maganga vilikuwa vimechunika ngozi. Akamfungua kamba, akamwambia, "Nilikushika. Usidhani nakupenda. Nilitaka mwanangu apande." Ndipo wazee wakaweka ile sheria, na haijavunjwa.

Sasa nikuambie habari za baba yako, maana wewe ulimjua wa baada ya hapo tu.

Alirudi na madebe ya tope la Kamsamba. Lile pipa lililonuka pale nyuma ya choo, ulilokuwa unalipita umeziba pua, lilikuwa tope hilo. Alikuwa anafyatua vipande vya zege kwa michanganyiko tofauti, anavitumbukiza, anaviacha kiangazi na masika, anaongeza maji, anaviacha vikauke, anavitoa anavigonga. Vingi vilisagika mkononi. Na pete zangu za kuuza, kila asubuhi alizipitia na nyundo. Ile ambayo mlio wake haukumridhisha aliivunja, wateja wakiona. Unamkumbuka yule mnunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyesimama getini akiniita kwa lugha yao, "Bamayo, mnauza pete au biskuti?" Wewe ulicheka na yeye. Kisha baba yako akavunja pete ya kwanza uliyoifyatua kwa mikono yako, nawe ukamwita mlevi, mbele ya mafundi.

Obedi, baba yako hakuwahi kuonja pombe. Unalijua hilo. Alikuangalia, akaokota vipande, akaenda zake kwenye pipa. Nami sikusema neno, kwa sababu kukueleza nyundo kungenilazimu nikueleze wimbo. Mpaka kifua kikamchukua mlikuwa mnasalimiana kama watu wa kituo cha basi. Ulitupa udongo wako kaburini ukageuka kabla ya maombi. Sikuhukumu kwa hilo. Nasema tu kwamba mtu uliyemzika ukiwa na hasira ndiye aliyetumia miaka yake yote iliyobaki kutafuta zege ambalo tope lile halitalila, na haya ninayokuandikia ndiyo aliyoyapata.

Hicho kinachokula zege huko ni chumvi. Inaingia na unyevu kwenye vitundu usivyoviona, jua linakausha maji, chumvi inabaki humo ndani, inavimba, inasukuma. Basi vita ni ya vitundu. Maji ya shimo usiyaguse, hata ya kuoshea koleo. Tuma mkokoteni wa ng'ombe na mapipa mpaka mto Momba. Mchanga nao utoke mtoni, uuoshe, kisha utie ulimini. Ukikuuma, uoshe tena. Saruji chukua ile inayosagwa pamoja na majivu ya volkano, hiyo tope lilichelewa kuila, na mfuko uwe mpya, usiwe na madonge.

Halafu kuna pumba za mpunga. Huko wanachomea matofali kwa pumba, na majivu wanayamwaga porini kama takataka. Baba yako aliyaleta mara ya kwanza yakiwa meusi, vipande vyote vikafa. Nilimwambia aache, akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Akaenda akaleta yale ya katikati ya tanuri, yaliyoungua polepole mpaka yakawa ya kijivu cha kuelekea weupe, tukayatwanga kwenye kinu changu cha kisamvu, tukayachekecha kwa kitambaa. Tukapunguza saruji kidogo, pale tulipopunguza tukaweka majivu. Kidogo, mwanangu, kama sehemu moja kwa sehemu nne au tano za saruji, usione ni ya bure ukazidisha. Vipande hivyo vilikaa kwenye pipa mpaka mwenyewe akaondoka duniani, na kingo zake bado zinakata kidole.

Lakini zege hilo lina tabia mbili zitakazokugombanisha na watu. Kwanza majivu yanakunywa maji, na mkono wako utataka kuongeza. Usiongeze. Nimekuona mara nyingi ukimwagia zege maji ili likupe raha kwenye koleo, ukidhani nimeinama sioni. Maji ya raha yakikauka yanaacha vile vitundu. Liwe gumu, likuchoshe, ulishindilie kwenye kalibu mpaka mabega yaume, na waya wa ndani uufunike vizuri, usikaribie nje. Pili, linachelewa. Lile la muujiza wangu lilishika mara moja. Hili utalilaani. Uligandishe kivulini, ulifunike magunia, ulimwagilie maji ya mto asubuhi na jioni, mwezi mzima, bila kuruka hata siku ya ibada. Mungu hatakuandikia dhambi ya kubeba ndoo Jumapili, mimi nitajibu.

Jana ulimsikia mjomba wako hapa uani.

"Dada, wale watu wanataka maji, hawataki mtihani wa saruji. Mwezi mzima kumwagilia pete kama miche ya kahawa!"

"Hata hiyo miche hujawahi kuimwagilia," nikamjibu. "Baba alikuwa anakutafuta shambani, wewe uko Tunduma unabadilisha kwacha."

"Basi wewe na marehemu wako mlipata nini kwa kumwagilia? Uani kwenu kumejaa vifusi."

Nawe ulicheka, Obedi. Ulicheka ukamfuata kwenda kupakia kalibu. Ndiyo maana naandika badala ya kusema. Ukiwa na mjomba wako masikio yako yanakuwa upande wake, na sikulaumu, amekupa kazi wakati mimi nakupa nyundo ya baba yako. Lakini yeye atakwambia siku saba zinatosha, na maji ya shimo yako hapo hapo. Akisema hivyo mwulize nani anashuka. Mwulize mbele za watu.

Sasa la mwisho, na hili ningeweza kulinyamazia.

Mnada uliopita Mzee Maganga alileta ng'ombe, akapita hapa nyumbani. Amezeeka, anatembea na fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa juu ya pete iliyokuwa ikikauka, akaipapasa kwa kiganja.

"Mayu, anayekuja ni kijana wa Jotamu?"

"Ndiye."

"Tumezungumza na wenzangu. Huyu kijana siku ile alikuwa mtoto, hakuwepo. Tukimsamehe kushuka hakuna atakayenung'unika. Nina wajukuu, watachimba wao."

Mwanangu, alinipa uhai wako mkononi, bure, mzee ambaye wa kwake hakurudishiwa. Ningeweza kusema asante nikapiga magoti. Sara alikuwa mlangoni na sinia la chai, amesikia, macho yananiomba.

"Hapana," nikamwambia. "Ashuke."

Alinitazama sana. "Una mwingine wa kiume?"

"Sina."

"Basi wewe ni mkali kuliko sisi," akasema. Hakumaliza chai.

Ndiyo mafua ya Sara hayo. Tangu siku ile haniangalii usoni, na wewe ukifika hapa kwenye barua huenda ukafanya vivyo hivyo. Nimekubali. Lakini fikiri nilichoombwa. Kama wewe hushuki shimoni, anashuka mjukuu wa Maganga, ndani ya pete ulizochanganya wewe, umesimama juu kivulini na mjomba wako. Ningekuwa nimemponya wa kwangu kwa kumshusha wa kwao mara ya pili. Nimeomba juu ya hilo usiku na mchana, nikitafuta mlango mwingine, sikuonyeshwa. Na ninajua pia, maana nilikuwa mimi, mikono inavyofanya kazi pale mwenye mikono anapojua atakaa juu na kuimba.

Sitaki ufe. Nimekuzaa kwa shida Hasamba, mvua inapiga, mkunga amechelewa, na nilimwambia Mungu anichukue mimi akuache wewe. Sijabadili maneno. Kwa hiyo ukiona pete moja ina shaka, ivunje. Ukiona zote zina shaka, zivunje zote, mjomba wako apige kelele mpaka Zambia wamsikie, wewe panda lori urudi. Nitakupokea, nitakupikia, na sitakuuliza kitu mbele ya watu. Kijana asiye na kazi naweza kuishi naye. Ila ukiiacha pete hata moja katika ardhi ile, ingia ndani yake kwanza wewe.

Mama yake Njile yuko hai. Ukimwona, mwamkie kwa magoti, usijieleze. Akikupa maji ya kunywa, kunywa.

Obedi, nijibu upesi. Mpe barua dereva yeyote wa lori la mpunga, wote wanaijua nyumba yetu. Niambie pete zimekaa muda gani kwenye magunia mabichi, na ukizigonga zinaliaje. Na siku ya kushuka uniandikie kabla, usingoje mpaka uwe umepanda.

Ni mimi mama yako,
Anjelina